Kurudisha mipangilio ya PostgreSQL kwenye chaguomsingi bila kugusa data

Vijana wanaotunza seva za maduka, zahanati na SACCOS hapa Tanga huniuliza swali lile lile, hubadilika majina tu: "Kaka, nilifuata video nikabadilisha mipangilio ya PostgreSQL, sasa mfumo unasuasua. Nairudishaje ilivyokuwa mwanzo? Au niiondoe niisakinishe upya?"

Usiondoe kitu. PostgreSQL ni programu inayotunza kanzidata, na humo mipangilio na data ni vitu viwili mbalimbali. Unaweza kurudisha kila kigezo kwenye thamani yake ya chaguomsingi na mauzo ya mwaka mzima yakabaki palepale. Kinachowapoteza wengi ni kudhani kwamba mipangilio inakaa sehemu moja. Inakaa sehemu kadhaa, na ukirekebisha sehemu isiyohusika, amri itakubali, hutaona kosa lolote, na hakuna kitakachobadilika.

Mfano nitakaoutumia ni wa duka la jumla kule Ngamiani. Seva ni kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 8, Ubuntu, PostgreSQL toleo la 16. Kanzidata inaitwa `ghala`, na mfumo wa mauzo unaingia kwa mtumiaji `karani`. Toleo lako likiwa jingine, badilisha hiyo 16 kwenye njia za mafaili. Kwa wa Windows, faili lenu liko `C:\Program Files\PostgreSQL\16\data\postgresql.conf`, amri za ndani ya psql, yaani programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, ni zile zile.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ruhusa ya sudo (ya kutoa amri kama msimamizi) kwenye seva, ili uweze kuingia kama mtumiaji `postgres`. Mtumiaji wa kawaida haonyeshwi thamani imetoka kwenye faili gani.
- Muda ambao duka limefungwa na hesabu zimekamilika. Baadhi ya vigezo havibadiliki mpaka huduma izimwe na kuwashwa, na hapo kila aliyeunganishwa anakatwa.
- UPS yenye chaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii utajikuta na matatizo mawili badala ya moja.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski kwa ajili ya nakala.
- Kalamu na daftari. Andika kila kigezo unachokigusa, thamani ya zamani na mpya. Usitegemee kichwa.

Hatua ya 1: Chukua nakala ya data na ya mipangilio

```
sudo -u postgres pg_dump -Fc ghala -f /var/lib/postgresql/ghala.dump
sudo cp -p /etc/postgresql/16/main/postgresql.conf /root/postgresql.conf.kabla
sudo cp -p /var/lib/postgresql/16/main/postgresql.auto.conf /root/postgresql.auto.conf.kabla
```

Hiyo `-p` usiiache: inalinda umiliki na ruhusa za faili, na siku ya kulirudisha utanishukuru. Kisha ingia psql kwa `sudo -u postgres psql` na uhifadhi picha ya mipangilio yote ilivyo sasa:

```
\copy (SELECT name, setting, unit, source, sourcefile FROM pg_settings ORDER BY name) TO '/var/lib/postgresql/kabla.csv' CSV HEADER
```

Amri hiyo ni mstari mmoja, usiivunje.

Hatua ya 2: Uliza thamani imetoka wapi

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo nusu ya kazi. Mipangilio ya PostgreSQL imerundikwa kama magunia ghalani: unaloliona ni la juu, na ukiliondoa unakutana na la chini yake, si sakafu. Kutoka chini kwenda juu, mpangilio ni huu: thamani iliyojengwa ndani ya programu yenyewe, faili la `postgresql.conf`, faili la `postgresql.auto.conf`, vigezo vilivyopitishwa kwenye amri ya kuwasha huduma, mipangilio ya kanzidata, mipangilio ya mtumiaji, mipangilio ya mtumiaji ndani ya kanzidata fulani, na mwisho kabisa kile ulichokiweka kwa amri ya SET kwenye kikao chako, yaani muunganiko wako wa sasa.

Ona vyote visivyo vya chaguomsingi:

```
SELECT name, setting, unit, source, sourcefile, sourceline
FROM pg_settings
WHERE source NOT IN ('default', 'override')
ORDER BY source, name;
```

Kuanzia toleo la 15 unaweza kuandika `\dconfig` tu ndani ya psql ukapata orodha fupi ya vigezo vilivyobadilishwa, lakini haitakuambia vimetoka wapi. Mimi hutumia ile ndefu.

Kwa kigezo kimoja:

```
SELECT name, setting, unit, boot_val, reset_val, source, sourcefile, context
FROM pg_settings WHERE name = 'work_mem';
```

Safu ya `source` ndiyo jibu lako. Ikisema `default`, kigezo hakijaguswa. Achana nacho, kosa liko kwingine. Ikisema `configuration file`, tazama `sourcefile`: kama jina linaishia na `postgresql.auto.conf` nenda Hatua ya 4, kama ni `postgresql.conf` au faili lililo ndani ya folda ya `conf.d` nenda Hatua ya 5. Ikisema `database`, `user` au `database user` nenda Hatua ya 6. Ikisema `session`, umekiweka mwenyewe kwenye kikao hicho hicho.

Angalizo la kwanza ni kuhusu vipimo. `work_mem` ikionyesha 4096 usishtuke. Kipimo chake ni kB, kwa hiyo ni MB 4, ambayo ndiyo chaguomsingi. `shared_buffers` huhesabiwa kwa vipande vya kB 8, kwa hiyo 16384 ni MB 128. Soma safu ya `unit` kabla ya kupiga kelele.

Angalizo la pili: `boot_val` na `reset_val` watu huzichanganya kila siku. `boot_val` ni thamani iliyojengwa ndani ya programu. `reset_val` ni ile utakayorudishiwa ukiandika RESET kwenye kikao chako sasa hivi, na inaweza kabisa kuwa ile ile mbovu uliyoiweka kwenye faili.

Angalizo la tatu: ukiingia kama `postgres`, unaona mipangilio ya `postgres`. Ile iliyobandikwa kwa `karani` hutaiona. Ingia pia kwa jina linalotumiwa na mfumo wenyewe, kisha urudie swali:

```
psql -h localhost -U karani ghala
```

Hatua ya 3: Kama ni kikao chako tu

```
RESET work_mem;
```

Au `RESET ALL;` kwa vyote. Amri hizi hazigusi mtu mwingine wala faili lolote, na ukifunga psql athari zake zimekwisha. Wapo wanaoandika `RESET ALL` wakaenda kulala wakiamini wameirudisha seva nzima. Hawajarudisha kitu.

Hatua ya 4: Ondoa yaliyowekwa kwa ALTER SYSTEM

Video nyingi za kuongeza kasi hutumia ALTER SYSTEM, na chochote unachokiweka kwa amri hiyo kinaandikwa kwenye `postgresql.auto.conf`. Pale Ngamiani mtu alikuwa ameweka `work_mem` ya GB 1. Kumbuka kwamba `work_mem` si ya seva nzima: kila upangaji au uunganishaji ndani ya swali moja unaruhusiwa kuchukua kiasi hicho, na swali moja linaweza kuwa na kadhaa. Makarani watano wakifungua ripoti ya mwezi kwa pamoja, GB 8 zimekwisha na kompyuta inaanza kuhema.

Rudisha kimoja:

```
ALTER SYSTEM RESET work_mem;
SELECT pg_reload_conf();
```

Au vyote vilivyowekwa kwa njia hiyo:

```
ALTER SYSTEM RESET ALL;
SELECT pg_reload_conf();
```

Kabla ya kubonyeza ile ya pili, lisome kwanza faili la `postgresql.auto.conf`. Kama seva hii ni pacha inayofuata seva nyingine, anwani ya seva kuu, yaani `primary_conninfo`, mara nyingi imeandikwa humo humo, na `RESET ALL` itaifuta. Pacha itaacha kufuata na pengine hutajua mpaka siku utakayoihitaji.

Makosa matatu ya hatua hii:

- Ukitumia pgAdmin (programu ya madirisha ya kusimamia PostgreSQL) na kutuma amri zote mbili kwa pamoja, unaweza kupata `ALTER SYSTEM cannot run inside a transaction block`. Tuma moja moja.
- `pg_reload_conf()` ikirudisha `t`, maana yake ishara imetumwa. Haina maana kwamba mafaili yamekubaliwa. Angalia Hatua ya 7.
- Baada ya RESET hii, kigezo kinashuka kwenye kilichoandikwa `postgresql.conf`, ambacho si lazima kiwe chaguomsingi. Rudia swali la Hatua ya 2. Kama `source` bado ni `configuration file`, endelea chini.

Na usiingie kulihariri `postgresql.auto.conf` kwa mkono wakati huduma inafanya kazi. Iko hali moja tu ninayokubali jambo hilo; nimeieleza kwenye matatizo.

Hatua ya 5: Safisha postgresql.conf

Tafuta kwanza mistari yote inayotaja kigezo chako, pamoja na folda ya ziada:

```
sudo grep -rnE '^[[:space:]]*work_mem' /etc/postgresql/16/main/
```

Kigezo kikijirudia, wa mwisho ndiye anayeshinda. Wengi huongeza mistari yao chini kabisa ya faili, halafu baada ya mwaka anakuja mwingine anahariri ule wa katikati na kushangaa haubadiliki.

Fungua faili, weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari, hifadhi. Mstari wenye `#` hausomwi, kwa hiyo kigezo kinarudi kwenye thamani iliyojengwa ndani. Kisha:

```
SELECT pg_reload_conf();
```

Ukitazama faili la kumbukumbu, `/var/log/postgresql/postgresql-16-main.log`, utaona mstari unaosema `parameter "work_mem" removed from configuration file, reset to default`. Huo ndio mstari unaoutafuta.

Sasa, tahadhari kubwa kuliko zote katika mwongozo huu. Si kila mstari wa `postgresql.conf` uliandikwa na binadamu. Siku kanzidata inaundwa, programu ya `initdb` huandika humo thamani kadhaa kulingana na kompyuta yako, na Ubuntu nayo huongeza ya kwake. Ukiweka `#` kila mahali kwa hasira, unarudi kwenye thamani ambazo hazikuwahi kutumika kwenye seva yako hata siku ya kwanza. Hivi hapa viache kama hujui unachofanya:

- `timezone`. Kompyuta iliyopangwa saa za hapa kwetu ina `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`. Ukiufuta mstari, inarudi `GMT`, saa tatu nyuma. Mauzo ya saa mbili asubuhi yatasomeka 05:00, na mzigo wa machungwa ya Muheza ulioshushwa saa nane usiku utahesabiwa siku ya jana. Hesabu za siku hazitakubaliana na daftari la mwenye duka, na mtaanza kushukiana wizi.
- `datestyle`. Thamani ya ndani ni `ISO, MDY`, inayotanguliza mwezi. Mfumo ukituma tarehe kama maandishi, 03/04/2025 itaeleweka kuwa tarehe 4 Machi wakati karani alimaanisha tarehe 3 Aprili. Hakuna kosa litakaloonyeshwa mpaka mtu aandike tarehe 13 na kuendelea.
- `listen_addresses`. Chaguomsingi ni `localhost`. Kisakinishi cha Windows huweka `'*'`. Ukiirudisha, kompyuta za kaunta zote zinapoteza seva.
- `port`, `data_directory`, `hba_file` na `ident_file`. Kwenye Ubuntu mistari hii ndiyo inayoiambia huduma data iko wapi.
- `shared_preload_libraries`, kama kuna kiendelezi kinachotegemea mstari huo.
- `max_connections` na `shared_buffers`: hivi unaweza kuvirudisha, lakini andika thamani kamili, `100` na `128MB`, badala ya kuufuta mstari. Thamani ya ndani ya `shared_buffers` haikuwa MB 128 kwenye matoleo yote.

Kwa upande wa pili, viko vitatu ambavyo ukivikuta vimezimwa uvirudishe leo hii bila kuuliza mtu: `fsync`, `full_page_writes` na `autovacuum`. Chaguomsingi ya vyote ni `on`. Kuzima `fsync` kunafanya majaribio ya kasi yapendeze sana kwenye video, lakini umeme ukikatika seva ikiwa kazini, kanzidata inaweza kuharibika kiasi cha kutofunguka. Sijui mtu wa mji wenye umeme wa kusuasua anapataje ujasiri huo. Ukishairudisha `fsync` na kuifanya huduma isome mafaili upya, toa amri ya `sync` kwenye terminali ili yaliyobaki kwenye RAM yateremke kwenye diski.

Kuhusu `autovacuum`, huenda ilizimwa kwenye jedwali moja tu, na hapo hutaiona kwenye `pg_settings`. Irudishe hivi:

```
ALTER TABLE mauzo RESET (autovacuum_enabled);
```

Hatua ya 6: Yaliyobandikwa kwenye kanzidata au kwa mtumiaji

Ndani ya psql andika `\drds`. Orodha ikiwa tupu, ruka hatua hii. Ikiwa na kitu:

```
ALTER DATABASE ghala RESET work_mem;
ALTER ROLE karani RESET work_mem;
ALTER ROLE karani IN DATABASE ghala RESET work_mem;
```

Mistari hiyo mitatu ni sehemu tatu tofauti. `ALTER ROLE karani RESET ALL` haigusi yale yaliyowekwa kwa `IN DATABASE`. Hayo yana amri yake.

Usikimbilie `RESET ALL` hapa kabla ya kuangalia kama `search_path` imo kwenye orodha. Mifumo mingi inaitegemea ili kujua majedwali yako kwenye skima (fungu la majedwali) gani. Ukiiondoa, mfumo utadai majedwali hayapo.

Mabadiliko ya hatua hii yanashika kwa miunganiko mipya tu. Mfumo wa mauzo kwa kawaida hushikilia miunganiko yake siku nzima, kwa hiyo uzime na kuuwasha mfumo wenyewe. Seva huna haja ya kuigusa.

Hatua ya 7: Kusoma upya au kuzima na kuwasha?

Angalia safu ya `context` uliyoiona kwenye Hatua ya 2. `sighup`, `user` na `superuser`: `pg_reload_conf()` inatosha. `postmaster`: lazima uzime na kuwasha. `internal`: hakibadiliki kwa mipangilio, usijisumbue.

Vinavyosubiri kuwashwa upya utaviona hivi:

```
SELECT name FROM pg_settings WHERE pending_restart;
```

Kabla ya kuzima, hakikisha mafaili hayana kosa:

```
SELECT sourcefile, sourceline, name, error
FROM pg_file_settings WHERE error IS NOT NULL;
```

Ukiona `setting could not be applied` kwenye kigezo ambacho kiko pia kwenye orodha ya `pending_restart`, ni sawa; kinasubiri tu. Kosa jingine lolote lirekebishe kwanza, maana huduma iliyo hai huvumilia faili bovu, lakini ikishazimwa haiwaki tena.

Halafu:

```
sudo systemctl restart postgresql@16-main
```

Hatua ya 8: Hakiki

Toa tena ile amri ya `\copy`, safari hii jina la faili liwe `baada.csv`, kisha ulinganishe:

```
sudo diff /var/lib/postgresql/kabla.csv /var/lib/postgresql/baada.csv
```

Mistari inayotofautiana ilingane na ulichoandika kwenye daftari. Ukiona kigezo usichokikumbuka, simama hapo.

Ukitaka kurudisha kila kitu kwa mara moja

Mara nyingi sishauri. Lakini ukirithi seva iliyochezewa na watu wanne na hakuna anayekumbuka kitu, njia safi ni kuunda kanzidata ya pembeni, tupu, na kulisoma faili lake:

```
sudo pg_createcluster 16 jaribio
sudo diff -u /etc/postgresql/16/jaribio/postgresql.conf /etc/postgresql/16/main/postgresql.conf
```

Sasa una faili la siku ya kwanza, lililoandikwa kwa ajili ya kompyuta hiyo hiyo. Pitia tofauti moja moja. `data_directory`, `hba_file`, `ident_file`, `external_pid_file`, `port` na `cluster_name` lazima zitofautiane. Acha za `main` zilivyo. Mistari inayoanza na `lc_` nayo iache. Zilizobaki rekebisha kwa kuiga.

Hili ni bora kuliko ushauri unaosambaa wa kunakili `postgresql.conf.sample` juu ya faili lako. Sampuli hiyo haina mistari ya Ubuntu, na ukishaifunika, `data_directory` imekwenda nayo.

Ukimaliza, futa ya pembeni:

```
sudo pg_dropcluster 16 jaribio
```

Soma jina mara mbili kabla ya kubonyeza. Amri hii inafuta data, na ukiandika `main` unafuta duka. Ikikataa kwa kuwa huduma inafanya kazi, usiongeze `--stop`. Hiyo ni dalili kwamba umeandika jina lisilo lake.

Wa MySQL na XAMPP

Kwa ufupi, kwa kuwa na nyie huuliza. MySQL 8.0 ina `SET PERSIST`, inayoandika kwenye faili la `mysqld-auto.cnf`. Ukitaka kuona thamani imetoka wapi:

```
SELECT variable_name, variable_source, variable_path
FROM performance_schema.variables_info
WHERE variable_source <> 'COMPILED';
```

Kuirudisha kuna sehemu mbili:

```
RESET PERSIST max_connections;
SET GLOBAL max_connections = DEFAULT;
```

Ya kwanza inafuta maandishi kwenye faili, lakini seva inaendelea na thamani ya zamani mpaka iwashwe upya. Ya pili inaibadilisha papo hapo. Chaguomsingi ya `max_connections` hapa ni 151. Andika jina la kigezo siku zote: `RESET PERSIST` peke yake inafuta vyote. Aliyoandika mtu kwenye `my.cnf` au `my.ini` utayaondoa kwa mkono. XAMPP inakuja na MariaDB, ambayo haina `SET PERSIST`, kwa hiyo kwenu ni `my.ini` tu.

Matatizo yanayojitokeza

*Huduma haiwaki kabisa, na kwenye kumbukumbu kuna "could not map anonymous shared memory".* Mtu aliweka `shared_buffers` kubwa kuliko RAM kwa ALTER SYSTEM, na sasa huwezi kuingia kuifuta. Iwashe kwa kuipa thamani ndogo kwenye amri yenyewe:

```
sudo -u postgres pg_ctlcluster 16 main start -o "-c shared_buffers=128MB"
```

Ingia, toa `ALTER SYSTEM RESET shared_buffers;`, toka, zima kwa `sudo -u postgres pg_ctlcluster 16 main stop`, kisha iwashe kawaida kwa systemctl. Ikigoma hata hivyo, hapa ndipo ninapokubali: huduma ikiwa imezimwa, lifungue `postgresql.auto.conf`, futa mstari huo mmoja, hifadhi.

*"Configuration file contains errors".* Mistari iliyo juu yake kwenye kumbukumbu inataja faili na namba ya mstari. Mara nyingi ni alama ya nukuu iliyosahaulika, au mtu ameandika `64mb` badala ya `64MB`. Herufi kubwa na ndogo kwenye vipimo zina maana.

*"Sorry, too many clients already".* Umerudisha `max_connections` kuwa 100 na mfumo wako unafungua zaidi. Kati ya hizo, nafasi 3 zimehifadhiwa kwa msimamizi. Kabla ya kupandisha, angalia kwenye `pg_stat_activity` ni ngapi zinafanya kazi kweli. Mara nyingi ni mfumo unaofungua milango bila kuifunga.

*Kompyuta za kaunta zinapata "Connection refused" lakini kwenye seva yenyewe psql inaingia.* `listen_addresses` imerudi `localhost`. Irudishe ilivyokuwa na uwashe huduma upya. Kusoma upya hakutoshi kwa kigezo hiki. Kama kosa linataja `pg_hba.conf`, hilo ni jambo jingine: faili hilo haliguswi na amri yoyote ya mwongozo huu.

*"Relation mauzo does not exist".* Data ipo. Ni `search_path` imerudi kwenye `"$user", public`. Itafute thamani ya zamani kwenye daftari lako. Huenda haimo kwenye `kabla.csv`, kwa kuwa uliichukua ukiwa umeingia kama `postgres`. Kisha uibandike tena, kwa mfano `ALTER ROLE karani SET search_path = duka, public;` na uuwashe mfumo upya.

*Nimefanya yote na thamani haibadiliki.* Tazama `source` tena. Ikisema `command line`, kuna mtu amepitisha kigezo kwenye amri ya kuwasha huduma. Kwenye Ubuntu angalia `/etc/postgresql/16/main/pg_ctl.conf`. Ikisema `client`, ni mfumo wenyewe unaokituma kila unapojiunga, na hapo utafute kwenye mipangilio ya mfumo au umpigie aliyeuandika.